Springi Zilizopona

Katika mtaa wake hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Watoto walimwita Babu Taratibu, wakubwa wakamwita Taratibu tu, na jina hilo lilikuwa limemwandama tangu enzi zake za kuendesha basi la shule. Kwa miaka ishirini na saba alilipeleka basi lile asubuhi na kulirudisha mchana, wala hakuwahi kugonga hata kopo. Wazazi walimpenda kwa hilo. Wanafunzi walimnunia, maana walifika shuleni kengele ikiwa inalia.

"Taratibu, kanyaga mafuta!" walikuwa wakimpigia kelele kutoka viti vya nyuma.

"Mafuta nitakanyaga," alijibu bila kugeuza shingo, "lakini mama zenu nitawaambia nini?"

Alipostaafu, mambo mawili yalitokea ndani ya wiki moja. Binti yake wa pekee, muuguzi katika mji ulio mwendo wa siku mbili kwa barabara, alijifungua mapacha, na mama yake akafunga safari kwenda kumlea. Na ili baba asibaki akihesabu mbao za dari, binti na mumewe wakampelekea gari dogo la umeme, rangi ya maziwa, lililokwisha kutumika miaka kadhaa kwingineko. Mke aliondoka Jumatatu. Gari likafika Alhamisi. Mtaa haukuchelewa kuyaunganisha.

"Jamani, Taratibu kabadilishana mke na gari!" alisema muuza magazeti wa pale kona.

"Na hilo gari linapika?" akadakia mwingine.

"Halipiki," Taratibu aliwajibu, "lakini pia halinuni."

Wote wakacheka, naye akacheka nao. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango, na kicheko kikabaki nje.

Alichokitaka katika dunia hii kilikuwa kimoja tu, nacho ni mkewe arudi.

Walikuwa wameoana miaka thelathini na minne. Mkewe alikuwa fundi cherehani, wa wale wanaoitazama nguo mwilini mwa mpita njia wakajua ni mkono upi ulioshonwa kwa haraka. Cherehani yake ilikuwa ya zamani, ya kukanyaga kwa miguu, yenye kitako cha chuma kizito, na ilikaa chini ya dirisha la sebuleni. Mlio wake ndio uliokuwa saa ya nyumba ile. Ikienda mfululizo, mambo ni shwari. Ikikatika-katika, kola inasumbua. Ikinyamaza ghafla, mtu ajiandae kuitwa aje kushika ncha ya kitambaa. Taratibu alikuwa hodari wa kushika ncha ya kitambaa. Katika ushonaji wote, hiyo ndiyo kazi pekee aliyoaminiwa.

Mke alisema atakaa miezi sita. Mwezi wa tano Taratibu aliipeleka cherehani kwa fundi ifungwe mkanda mpya na kutiwa mafuta, mwenyewe akirudi aikute tayari. Siku ya kuichukua, yeye na fundi waliifungua vipande vipande, wakavilaza katika shimo lililo chini ya sakafu ya buti, mahali ambapo magari mengine huweka tairi la akiba. Wakaviviringishia blanketi na kurudisha kifuniko. Kabla hajafika nyumbani, simu ikalia.

"Baba watoto, usikasirike," sauti ya mkewe ilisema. "Mmoja wa mapacha amelazwa, mapafu. Niache nivute mwezi mmoja tu."

"Vuta," alisema. "Mtoto kwanza."

Alipoegesha gari alifungua buti, akalitazama blanketi. Kwa miaka mingi yeye na mkewe walikuwa wamebishana kuhusu pale dirishani. Mke alitaka cherehani isogezwe upande wa mlango apate mwanga wa kutosha. Mume alidai itaziba njia. Sasa akajisemea kwamba mwezi mmoja si kitu. Iachwe humo humo; mwenyewe akija ataelekeza pa kuiweka, na safari hii hatabishiwa. Akafunga buti.

Mwezi ule mmoja ukazaa wenzake. Mtoto alipopona, binti akabadilishiwa zamu. Zamu zilipotulia, mkwe akapata kazi ya kukaa mbali miezi mitatu mitatu. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwani mtu ataanzaje kuikasirikia sababu ya kweli? "Basi njoo wewe," mkewe alimwambia mara nyingi. Jibu lake lilikuwa tayari: nyumba isiyolalwa na mtu hufa. Hilo lilikuwa jibu la mdomoni. La moyoni ni kwamba siku atakayofunga mlango na kumfuata, wote wawili watakuwa wamekubali kwamba maisha yao katika nyumba ile yamekwisha, naye hakuwa tayari kuwa wa kwanza kukubali.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Taratibu hakubishana na wahenga hadharani, lakini kila alikokwenda, la mkewe lilikuwepo: kilo hamsini na kitu za chuma, nyuma ya mgongo wake. Gari likipita kwenye tuta, chuma kiligonga chuma ndani ya blanketi, naye, kama hakuna abiria, alisema polepole, "Pole."

Maana abiria alikuwa nao. Asingeweza kukaa bure. Alianza kuwachukua wazee wa mtaa kuwapeleka kliniki na kuwarudisha. Mteja wake mkuu alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa miaka sabini na kitu mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, aliyekwenda kufanyishwa mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki. Mkunga alikaa mbele, begi mapajani, akiuliza maswali kama mkaguzi.

"Hili gari lako lina macho mangapi?"

Swali hilo Taratibu alilipenda, maana alikuwa amelisoma gari lake kama mtu anavyosoma mkataba. Kamera kuu ilikuwa juu, nyuma ya kioo cha mbele, mahali pale penye kijioo cha kutazamia nyuma. Mbili zilikuwa kwenye vioo vya pembeni, moja nyuma juu ya kibati cha namba, na puani, ndani ya bampa, kulikuwa na rada ambayo haihitaji mwanga kupima umbali. Kamera bila rada huhangaika kwenye mvua kubwa. Rada bila kamera haiwezi kutofautisha mtu na mlingoti. Habari zote zilikwenda kwenye kompyuta iliyo chini ya kiti, nayo ikamsaidia dereva kuliweka gari katikati ya mistari, kupunguza mwendo likisogelea gari la mbele, na kushika breki yeye akichelewa.

"Kwa hiyo linajiendesha."

"Nusu, dada. Nusu nyingine ni yangu. Mikono kwenye usukani, macho barabarani."

"Na ukilala?"

Akamwonyesha kamera ya mwisho, ndogo kama mbegu ya papai, iliyochomekwa juu ya usukani. Hiyo haikutazama barabara, ilimtazama yeye. Akigeuza macho zaidi ya sekunde chache, ilimlilia.

"Mwenzangu, hata marehemu mume wangu hakuwahi kunitazama hivyo," Mkunga akasema.

Taratibu alicheka, lakini jioni ile, akinawa uso, aligundua jambo. Tangu mkewe aondoke alikuwa hajaacha kunyoa ndevu kila asubuhi, kwa uangalifu, hata pale chini ya kidevu panaposumbua. Na katika siku nzima, kitu pekee kilichomtazama usoni kwa muda mrefu kilikuwa ile mbegu ya papai.

Miaka miwili na zaidi ilipita hivyo. Gari lilikuwa na kasoro moja tu, nayo ni woga. Lori likiwa bado mbali, gari lenyewe lilikwisha kuanza kupunguza mwendo. Taratibu hakuliona hilo kuwa ugonjwa. Aliona wamefanana tabia.

Ndipo siku moja lori la kokoto likarusha jiwe, na kioo cha mbele kikapasuka kutoka pembe hadi pembe.

Katika karakana aliyoelekezwa, kioo kilibadilishwa na mwanamume mcheshi mwenye mikono iliyojaa makovu membamba, ambaye kila mtu alimwita Fundi Vioo. Lakini kazi haikuishia hapo. Kamera iliyong'olewa na kurudishwa, hata ikipishana na pale ilipokuwa kwa unene wa kucha, mbele huko hupotoka kwa upana wa mlango. Kwa hiyo gari lilisukumwa hadi chumba cha pili, kwa Fundi Kamera.

Fundi Kamera alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye penseli sikioni na maneno machache. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Kuta zilikuwa za kijivu bila hata kalenda, taa hazikumulika mahali pamoja kuliko pengine, na sakafu ilikuwa imesawazishwa hivi kwamba gololi ukiiweka inakaa ulipoiweka. Mbele kulisimama ubao wa miraba myeusi na myeupe. Huo ndio uliokuwa darasa: kamera ilionyeshwa ubao ambao urefu wake na umbali wake vinajulikana, ili ijifunze upya wapi ni mbele na wapi ni chini. Alijaza upepo matairi yote manne sawasawa. Aliteremsha timazi, kile kitonge cha risasi kinachoning'inia kwenye kamba, katikati ya kila gurudumu, akatia alama za chaki, akavuta uzi.

"Baba, umetoa mizigo yote? Gari napima likiwa tupu. Hata mwavuli sitaki."

"Nimetoa yote," Taratibu alisema.

Fundi Kamera akafungua buti, akaona zulia tupu, akalifunga. Kisha akapima kutoka ukingo wa bati lililo juu ya kila tairi hadi sakafuni. Akarudia upande wa nyuma mara ya pili.

"Huku nyuma limelala. Karibu sentimita mbili."

Hapo ndipo Taratibu, mtu ambaye kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuficha hata msumari kwenye tairi la basi, alipofungua mdomo na kusema, "Springi zimechoka. Kama mwenye gari."

Binti wa watu akatabasamu. "Zikishachoka ndiyo zimechoka, nitalipima lilivyo. Ila uzibadilishe." Akachukua penseli sikioni, akaandika kwenye kadi: springi za nyuma zimechoka.

Taratibu alitoka pale masikio yakimwaka moto. Lakini angefanyaje? Alifunue blanketi mbele ya wageni? Wangeuliza ni ya nani.

La ajabu ni kwamba gari lilipendeza kuliko mwanzo. Woga ulikwisha. Lilisogelea magari mengine kwa adabu na kupunguza mwendo mahali panapofaa. "Limekua," Mkunga alisema, kama anayezungumzia mtoto aliyemzalisha mwenyewe. Miezi saba ikapita, na aibu ya Taratibu ikapoa.

Kisha mkewe akapiga simu, siku ya Ijumaa, alasiri.

"Watoto wameninunulia cherehani ya umeme," alisema, na furaha yake ilisikika wazi, ingawa alijaribu kuipunguza. "Nyepesi, baba watoto! Naiweka mezani, naiondoa. Nimeshapata na wateja wawili watatu hapa jirani." Kisha akateremsha sauti. "Sasa nimefikiri. Ile ya huko... yule mama wa nyumba ya pili si aliachishwa kazi kiwandani akaanza kujifunza kushona? Mpe. Chuma kikikaa bure kinaliwa na kutu."

Simu ikiwa sikioni, Taratibu aligeuka akapatazama pale chini ya dirisha.

"Upo?"

"Nipo."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Nitampa."

Hakuuliza lile alilokuwa akilitaka kuuliza kwa miaka mitatu. Mtu asiyerudi haulizwi atarudi lini.

Kesho yake asubuhi alifungua buti, akaondoa kifuniko, akatoa cherehani kipande kwa kipande. Kila kipande alikibeba peke yake, akipumzika mlangoni. Akaifunga sebuleni, tena si pale ilipokuwa zamani; akaisogeza upande wa mlango, kama mkewe alivyotaka siku zote. Ilikuwa kweli: mwanga ulikuwa mzuri zaidi, na njia haikuzibwa hata kidogo. Akakaa kitini akaitazama. Hakumwita jirani siku hiyo, wala Jumapili.

Jumatatu yake akampeleka Mkunga mazoezini. Barabara ilikuwa kavu na jua limetulia. Mbele yao basi lilisimama kushusha watu. Taratibu alilisubiri gari lipunguze mwendo, kama mtu anavyosubiri mwenzake aliyekwisha kuinuka kufungua mlango. Halikupunguza. Basi likakua kiooni, likajaza kioo. Gari likaanza kushika breki, ila kwa kuchelewa, na mguu wa kulia wa Taratibu, mguu wa miaka ishirini na saba, ukakanyaga wenyewe. Wakasimama pakiwa pamebaki upana wa viganja viwili. Begi la Mkunga lilikuwa sakafuni, na yeye ameshika dashibodi kwa mikono yote.

"Wewe Taratibu! Leo unawahi wapi?"

"Si mimi, dada. Ni nusu yake."

"Na nusu yako ilikuwa wapi?"

Kamera ya usoni haikulia, kwa maana macho yake yalikuwa barabarani kama inavyotakiwa. Aliyekuwa nyuma ya macho ndiye hakuwepo.

"Tangu Ijumaa huna rangi," Mkunga alisema kwa sauti nyingine, akiokota begi lake. "Mimi nimepokea watoto elfu na zaidi, mtu mwenye uchungu namjua hata akivaa tai. Kalishughulikie gari. Ukimaliza, lishughulikie na hilo jingine."

Taratibu alizima msaada wote wa gari, akaendesha kwa mikono na miguu yake mpaka karakana.

Fundi Kamera alifuata utaratibu ule ule, upepo, timazi, chaki na uzi. Alipofika nyuma alipima, akaitazama kadi yake ya zamani, akapima tena.

"Baba, springi ulibadilisha?"

"Hapana."

Akasimama wima. "Fundi Vioo! Njoo uone muujiza. Springi za mzee zimepona zenyewe."

Fundi Vioo akachungulia. "Alizipeleka kwa daktari gani? Nami nimpelekee goti langu!" Lakini alipouona uso wa Taratibu, kicheko kikamkauka, akarudi kwenye vioo vyake bila kuambiwa.

"Kulikuwa na nini kwenye buti?" Fundi Kamera aliuliza polepole.

"Cherehani."

"Cherehani."

"Ya mke wangu. Ya kukanyaga. Chini ya kifuniko." Kisha, kwa kuwa mlango ulikwisha kufunguka, akayasema yote, tangu miezi sita hadi Ijumaa iliyopita, akitazama ubao wa miraba muda wote. Fundi Kamera hakucheka. Alivuta kigoda, akachora kwa penseli nyuma ya kadi: gari, mstari wa ardhi, na mstari wa jicho la kamera.

"Siku ile niliyopima, mzigo ulikuwa umekalisha gari kitako, pua ikawa juu. Mimi nikaiambia kamera: hapo ulipo ndipo sawa. Sasa umeshusha mzigo, pua imeteremka. Kamera inatazama chini kuliko inavyodhani. Kwa hiyo kilicho karibu inakiona kiko mbali. Rada nayo, kwa kitu kilichosimama, husubiri neno la kamera."

"Na zamani, kabla ya jiwe? Lilipimwa tupu kiwandani, halafu mimi nikalibebesha."

"Kinyume chake. Kilicho mbali ilikiona kiko karibu. Lilikuwa likishika breki mapema, sivyo? Kwa kupakia tu kosa haliwi kubwa. Mizigo ya kawaida limeachiwa nafasi yake. Ila lako lilikuwa na mzigo huo kila siku, tena wote nyuma kabisa."

Taratibu alitikisa kichwa muda mrefu.

"Baba, nikwambie kitu usinichukie," Fundi Kamera akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa na makali. "Ungeua mtu. Na mimi ningeua mtu, maana sahihi kwenye kadi ni yangu. Kwa nini hukusema tu? Tungeishusha, nikapima, tukairudisha mahali pake. Gari limetengenezwa libebe. Watu, magunia, cherehani, linajua kubeba. Lisichoweza ni kudanganywa siku ya kupimwa."

"Nisamehe, mwanangu. Nilikudanganya, na hukustahili."

"Lakini kwa nini?"

"Ningeishusha, ungeniuliza ni ya nani."

"Ningeuliza, ndiyo."

"Kisha ungeniuliza anakuja lini."

Fundi Kamera akaitazama penseli yake. Kisha akainuka, akafungua buti, akainua kifuniko, akapitisha mkono katika shimo lile tupu mpaka pembeni kabisa. Hakuomba radhi kwa kukagua, wala Taratibu hakutarajia aombe. Kazi ilichukua saa nzima. Kwenye skrini, miraba ya ubao ilicheza, ikayumba, mwishowe ikatulia ndani ya mistari yake. Akakata maandishi ya zamani kwenye kadi na kuandika juu yake: springi nzima.

"Sasa linaona vitu vilipo," alisema. "Nenda salama, baba."

Taratibu hakwenda moja kwa moja nyumbani. Aliegesha kando ya uzio wa karakana, penye kivuli, akazima gari. Jua lilikuwa bado juu. Akampigia mkewe.

"Cherehani sijampa jirani," alianza, hata kabla ya salamu kwisha.

"Kwa nini? Imeharibika?"

"Nzima. Ilikuwa kwenye gari."

"Kwenye gari tangu lini?"

"Tangu siku niliyoichukua kwa fundi."

Akasikia mkewe akihesabu kimyakimya, kwa ile pumzi yake ya kuhesabu pindo.

"Miaka mitatu, baba watoto? Unazunguka na cherehani yangu miaka mitatu?"

"Nilitaka uje uelekeze mwenyewe pa kuiweka."

Alidhani atacheka. Hakucheka. Kwa mbali mtoto mmoja alikuwa akilalamika kwamba mwenzake kamnyang'anya kitu, na bibi yao, kinyume na kawaida yake, hakwenda kuwaamua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema mzee kaanza kuchanganyikiwa."

"Ningesema," mkewe akakiri. "Ningesema, halafu nisingelala." Akapenga kamasi. "Uliiweka wapi sasa?"

"Upande wa mlango. Ulikuwa sahihi. Mwanga ni mzuri, na njia haizibwi."

"Miaka thelathini nilikwambia!"

"Uliniambia. Sikuona." Taratibu akashika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Jirani nitampa ufunguo, si cherehani. Aje ashonee pale pale, afungue madirisha, nyumba ipate hewa. Sasa niambie, huko kwenu nje ya nyumba kuna soketi?"

"Soketi ya nini?"

"Ya kuchajia gari. Njiani najua pa kusimama, nimeshapiga hesabu. Nikifika sitaki kuitia moto nyumba ya binti yangu kwa kuburura waya dirishani."

Simuni kukasikika kiti kikivutwa, mkewe akikaa.

"Unakuja kukaa," mkewe aliuliza mwishowe, "au unakuja kunichukua?"

"Sijui, mama watoto. Nakuja. Mengine tutayabishania nikiwa mbele yako."

"Basi ngoja nitazame."

Akasikia viatu vya ndani vikikokota sakafuni, mlango ukilia, watoto wakiuliza bibi anakwenda wapi, bibi akiwaambia wakae kando, asije akawakanyaga. "Ipo!" alisema. "Karibu na bomba. Ina kifuniko cha mvua. Waya wako una urefu gani?"

"Wewe nipimie kutoka hapo mpaka lango, nitajua."

"Sina futi hapa. Nahesabu hatua." Na akaanza kwa sauti, moja, mbili, tatu, akiwa na pumzi fupi ya mtu anayetembea huku ameshika simu, nne, tano, changarawe zikilia chini ya viatu vyake, mpaka akafika langoni. "Kumi na tatu!"

"Hatua zako au zangu?"

"Zangu. Kwani hatua zangu umezisahau?"

Hakuwa amezisahau. Waya ungefika, na ungebaki.

"Hesabu tena," Taratibu alisema.